Aliyekuwa Akimimina Chai

Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Nilipanda kwenda Svaneti nikijua mgeni huyo ni mimi.
Mkobani nilikuwa na ramani ya rangi tatu:
nyekundu ya kifo, njano ya mashaka,
kijani ya wale watakaolala usingizi.
Niliichora Tbilisi, ghorofa ya sita,
dirisha limefungwa, kipasha joto kinanguruma.

Shuleni nikasema dakika arobaini.
Pembe ya mteremko, uzito wa theluji, mwendo wa poromoko.
Nilisema vizuri, hata mwenyewe nilijisikiliza.
Wakapiga makofi kama watu wapangusao unga mikononi,
kisha Makvala, mwenye zizi la juu, akauliza swali moja:
hivyo viatu ulinunua bei gani?

Kesho yake vilikwisha kuloa.
Akanipa vya marehemu mumewe, na jembe juu yake.
Siku tatu nikachimba viazi,
mhandisi mzima,
daftari limelala mfukoni likinywa jasho.
Kila nilipofungua kinywa, mita ngapi, mwaka gani,
alininyooshea kiazi nilichokikata.

Siku ya nne mvua ikatuingiza jikoni.
Akaja Bekmurza, jirani, na ugomvi wake wa miaka hamsini.
"Theluji ya mwaka ule ilishukia kanisani."
"Ilishukia mtoni!"
"Kanisani. Babu yangu aliifukua kengele kwa mikono."
"Na daraja? Daraja lilivunjwa na nini, na kuku?"
Ngumi ikatua mezani, jibini ikaruka.

Nami, nakiri, nilikwisha kuchagua.
Makvala alikuwa na tarehe, tena kwa mto wake
ramani yangu haikuhitaji kuguswa.
Kalamu ilishafika kwenye karatasi.

Ndipo mkaza mwana, Tsiuri,
aliyeolewa kutoka bonde la pili,
miaka kumi na mmoja nyumba ile na bado huitwa mgeni,
akasema, birika mkononi:
"Labda zilikuwa mbili."

Pakawa kimya. Kimya
cha watu waliokanyagwa vidole.

"Tulipochimba msingi wa zizi," akasema,
"tulikuta magogo. Ya chini yameelekea mtoni.
Yaliyolala juu yake yameelekea kanisani.
Nilimwambia mume wangu.
Akasema kuni ni kuni."
Akaendelea kumimina. Kikombe changu
kilikuwa cha mwisho.

Tukatoka na sepetu mbili na taa moja.
Matope yalifika magotini.
Yalikuwapo: meusi, yamepishana,
gome bado limeshika,
miti iliyoangushwa mara mbili kwa majira mamoja ya baridi.
Bekmurza akavua kofia mvuani.
Makvala akacheka mpaka akashika ukuta,
kisha akaacha ghafla, akaketi juu ya ndoo.
Miaka hamsini hawakupelekeana chumvi,
na wote wawili walikuwa wakisema kweli.

Ilinichukua muda kuinua macho.
Kutoka kwenye magogo ya juu hadi kanisani,
mstari ulionyooka hupita juu ya paa moja.
Pale ndipo kijani changu kilipokoza,
juu ya kitanda cha watoto wa Tsiuri.

Nilifuta usiku ule ule. Kifutio kilikwisha,
nikamalizia kwa ukucha.

Ofisini kuna fomu, na kwenye fomu kuna kisanduku:
chanzo cha taarifa.
Niliandika: Tsiuri, aliyekuwa akimimina chai.
Mkuu wangu akaniita. Huyu, akauliza,
ni mtaalamu wa nini?
Nikamwomba aje mwenyewe, mwezi wa viazi.
Hajaja.

Vile viatu vya marehemu ninavyo hadi leo;
Makvala alikataa kuvipokea.
Huvivaa kila ninapoalikwa kuhutubia.
Vinabana.
Hotuba zangu siku hizi ni fupi.